Rafu ya Tatu

Nimebandua majina kumi na moja kwenye friza hii.
La kumi na mbili ni lako, Kerttu:
wino wa bluu, herufi zilizoinama
kama mtu anayepambana na upepo,
na tarehe uliyofika Oulu
na baiskeli isiyo na matairi ya barafu.

Nyuzi themanini chini ya sifuri
hamira yako imelala, vijichupa mia sita,
vyote kwa namba, isipokuwa kile cha pembeni
ulichokiita Mkaidi,
kwa kuwa seli yake ilizaa mara arobaini na moja
ilhali wenzake hukoma kwenye ishirini na tano.
Kila mtoto humwachia mama kovu, ulisema.
Nikauliza kama makovu yanahesabika.
Ukaniwashia darubini.

Chumba cha kahawa mnahesabu mengine.
Miezi. Makala. Barua za "tunasikitika".
Nafasi moja Lund, waombaji mia mbili na kumi.
Nafasi moja hapa hapa, tangazo limeshonwa
kumkaa mtu ambaye vipimo vyake tunavijua sote.
Vumilia mwaka mmoja tu, husema Profesa Haapaniemi,
naye amelisema hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.
Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini mbivu ziko ngapi,
na foleni inaanzia wapi?

Mimi sikuandika tasnifu.
Mkataba wangu hauna tarehe ya mwisho.
Ni jambo la kuchekesha, ukiwa umeshiba.

Basi nikuambie waendako,
maana profesa hawezi; mtu akishatoka mlangoni
humtaja kwa wakati uliopita, kama marehemu.

Sampsa anakagua hataza huko Munich.
Kutwa anasoma ndoto za watu
na kuandika chini yake: hili si jipya.
Anasema siku hizi analala.

Bolormaa alichukuliwa na kampuni ya dawa, Basel.
Mwezi wa kwanza alinipigia simu akinong'ona
kwamba huko ukiagiza kemikali leo, kesho iko mezani.
Mwezi wa tisa walikifunga kitengo chake
asubuhi, kabla ya chai.
Sasa yuko wizarani kwao Ulaanbaatar,
na nikimwuliza kama anajuta
hunitumia picha ya mwanawe juu ya farasi.

Ruadhán anafundisha watoto wa miaka kumi na mitatu.
Hamira, sukari, maji vuguvugu,
puto mdomoni mwa chupa, puto likavimba.
"Leo wamepiga mayowe," aliandika.
"Nani aliwahi kupiga mayowe kwenye semina yangu?"

Oddný ndiye aliyepata uprofesa.
Hajashika pipeti tangu hapo.
Usiku anaandika maombi ya fedha
ili amwajiri mtu, miaka miwili.

Na yupo mmoja nisiyemtaja.
Hajibu kadi. Utepe wake ulikataa kubanduka,
nikaukwangua kwa wembe.
Gundi bado ipo. Pitisha kidole.

Jana ulikuja na ndoo ya barafu kavu,
ukasema umepata kazi mamlaka ya maji ya mji,
ukaisema kwa sauti ya chini, kama mwizi anayekiri.
Ukasema, nimeshindwa, Irmeli,
kama mtu aliyefunua sufuria
akakuta unga haujaumuka.
Nikakuuliza mshahara. Ukaniambia.
Nikakuambia, Kerttu, maji haya nayanywa mimi.
Wayapime vizuri.
Ulicheka, halafu hukucheka.

Vijichupa vimeingia kwenye mtungi wa mvuke saa nane mchana.
Mia tano tisini na tisa; nimetia sahihi mia sita.
Mkaidi yuko rafu ya chini kabisa,
nyuma ya boksi ambalo hakuna anayelifungua.
Nimembandikia jina langu.
Hilo halibanduliwi.