Soya ya Barke

Muuguzi Nyevu aliikunja karatasi mara mbili
akanipa kama risiti ya deni:
"Mafuta yamezidi kwenye damu, mzee.
Mbuzi na samli, vipunguze."
Nina miaka hamsini na mmoja.
Neno mzee ndilo lililoniuma.

Barke hakuuliza.
Alishuka Langoni, akarudi na kilo mbili
za punje rangi ya pembe, ngumu, mviringo,
zikilia mfukoni kama shanga.
"Nyama yako hii," akasema.
Akaziosha, akazitia sufuriani,
akazipa muda wa mbaazi, akazipa tui la mbaazi,
na mimi nikala kwa adabu ya mgeni.
Paka wa uani alinusa sahani yangu,
akanitazama kwa huruma, akaenda zake.

Usiku ule tumbo lilinguruma kama jenereta.
Mara nne nilipanda na kushuka ngazi.
Mara ya tano sikushuka.

Kuta zetu ni za mawe, nene dhiraa moja,
lakini habari haijapata kuzuiwa na jiwe.
Asubuhi, barazani, Famau alinipokea:
"Ndoo, Lali, ndoo tukuone!
Soya? Hiyo huwaotesha wanaume matiti."
Shekuwe alisikia huua mbegu.
Bwanaheri, mwenye shemeji Dubai,
akaapa kwamba Wachina waila tangu enzi za Nuhu
na hawahesabiki kwa wingi:
"Ni mbegu gani hiyo iliyokufa?"
Kahawa ikamwagika kanzuni kwa kicheko.

Nami nilicheka.
Kisha nikaingia ndani,
nikaufunga mlango niliouchonga kwa mikono yangu,
nikavua fulana mbele ya kioo cha mke wangu,
nikajigeuza kulia, nikajigeuza kushoto.
Palikuwa na kitu, sikatai.
Lakini kilikuwapo tangu harusi ya binti yetu Khuri,
na fundi wake ni pilau.

Barke alirudi zahanati, na mfuko kwapani.
Hakunituma mimi; ananijua.
"Ulizichemsha muda gani?" aliuliza Nyevu.
Barke akasema.
Nyevu akafunga macho kidogo, kama mtu aliyeguswa jino bovu.
"Hizi si mbaazi, dada.
Ziloweke usiku kucha, maji yale yamwage,
chemsha mpaka ulimi uziponde bila meno.
Nusu mbichi, lazima tumbo lipigane nazo.
Na wewe mwenye kidonge cha tezi ya shingo,
kimeze alfajiri, tumbo tupu.
Soya isubiri mchana. Visikutane njiani."

"Matiti je?"
"Kwa bakuli lile? Mwambie alale usingizi."

"Basi ni nzuri au ni mbaya?"
Barke alitaka jibu moja, la kubeba kichwani mpaka nyumbani.
Nyevu akagonga meza kwa kalamu.
"Wali, Bi Barke. Ni mzuri au ni mbaya?"

Njia nzima Barke alikasirika.
Jibu gani hilo, la kujibu swali kwa swali?
Lakini usiku nilisikia maji yakimiminwa bakulini,
na punje zikizama, moja moja, kisha zote.

Miezi mitatu imepita.
Kidonge alfajiri. Soya Jumatatu na Alhamisi,
na bizari, na ndimu, na pilipili ya kuisahaulisha.
Karatasi mpya inasema mafuta yameshuka. Si sana.
Ni soya? Ni mbuzi aliyeondoka?
Ni zile ngazi za usiku ule?
Nimemuuliza Nyevu. Ameinua mabega.
Nimempenda kwa mabega yale.
Mbuzi namkumbuka, lakini. Kila Ijumaa namkumbuka.

Jana baada ya isha mlango wa nyuma uligongwa
polepole, kwa kucha.
Famau, peke yake, karatasi mkononi
imekunjwa mara mbili,
mkono wa pili ameukumbatisha kifuani.
Alitazama huku na huku uchochoroni.
"Lali," alinong'ona,
"mwazirowesha saa ngapi?"