Sindano

Kwetu Empordà, divai ikichoma ulimi kidogo tu,
hatusemi ina povu.
Povu ni la harusi: kizibo kinaruka, kinagonga dari,
mashangazi wanapiga kelele, kitambaa cha meza kinalowa.
Wala hatusemi ina gesi.
Gesi ni ya maji ya hospitali na soda za watoto,
ile inayopanda puani na kurudi kwa mbweu.
Tunasema ina sindano. Agulla.
Neno moja, la mshonaji na la mnywaji.

Kuna mgeni wa mjini aliyeinua glasi
dirishani kwa Eudald, akatafuta viputo, akakosa.
"Iko wapi hiyo sindano?"
Eudald akajifuta mikono kwenye aproni:
"Hii haitafutwi kwa macho, bwana. Kunywa."

Mama yangu, Remei, alishona suruali za watu miaka arubaini,
sindano tatu zimebanwa midomoni.
Ukimwuliza jambo, alijibu kwa nyusi.
Jumapili tu alizichomeka kwenye kimto chake chekundu,
akanywa nusu glasi, akafumba macho,
kisha akasema mpaka giza likaingia
yote aliyoyameza tangu Jumatatu.

Na neno lile hakulitumia ovyo.
Divai iliyofunguliwa jana: "Umebaki uzi."
Padri wa mahubiri marefu: "Hana sindano."
Nilipomleta nyumbani mchumba wangu wa kwanza,
alimkaribisha kiti, akamkatia jibini,
akaninong'oneza jikoni: "Povu."

Machi hii, kiharusi.
Nusu ya uso ikashuka kama pindo lililofumuka.
Wiki sita bila neno.
Daktari akamdunga vidole kwa pini,
kimoja kimoja, akaandika.

Eudald alikuja na chupa ndani ya koti.
Imekatazwa, najua. Tulichovya kijiko.
Tone moja kushoto mwa ulimi: kimya.
Tone moja kulia:
nyusi ikapanda, ile moja inayoweza.
Akagusa shavu la kulia. "Ipo."
Akagusa la kushoto, akangoja, akakunja uso,
akainama kukagua sakafu ya wodi
kama zamani chini ya cherehani,
na kwa ulimi mzito akatuamuru:
"Hapa imeanguka. Itafuteni
kabla mtu hajaikanyaga."