Vali

Daktari wa Parklands aliandika bei kwa penseli,
kama mtu anayeona haya.
Milioni mbili na ushei.
Kule Chennai, akasema, laki nane,
tiketi na kitanda humo humo.
Musembi akacheka: "Kumbe hata moyo
una bei ya jumla na ya rejareja?"

Tukauza ploti ya Kamulu, iliyokuwa iwe nyumba.
Kamukunji wakapitisha kofia:
mafundi wa masufuria, wa makarai, wa majiko,
hata Ndolo, anayemdai tangu mwaka juzi.

Miaka ishirini na sita amefua masanduku ya bati
ya watoto waendao bweni,
kufuli moja, jina kwa rangi nyeupe.
Yeye mwenyewe hajawahi kufungasha safari.
Aliniuliza vali hiyo ni ya chuma gani.
"Waniletee kipimo tu, nitaigonga hapa hapa."

Uwanja wa ndege alifika na sanduku lake.
Mhudumu akalitazama. Akalipitisha.

Siku kumi na moja simu ikalala juu ya cherehani.
Nikapita Kamukunji makusudi,
nyundo zote zikilia,
nikaisikiliza ile isiyolia.

Jana usiku akapiga.
Hakusema neno. Aliiweka simu kifuani.
Tik. Tik. Tik.
"Umesikia?" Sauti nyembamba kama waya.
"Wamenigongea bati ndani.
Fundi wao si mbaya.
Ila mimi ningegonga polepole zaidi."