Sufuria ya Tatu

Mwaka huu wameweka mahema saba kando ya wadi ya Ibra,
mwezi wa pili, baridi ikifunga virago,
na bango la herufi za dhahabu: Siku ya Halua.
Bakuli lililochorwa hapo ni kubwa
kuliko msikiti ulio nyuma yake.

Nimemshika bibi mkono, Bi Shinuna binti Hamdun,
jaji kwa mwaka wa kumi na moja.
Ushungi unanukia udi,
miguu inazijua kokoto zote za njia hii.
Watu wanatupisha.
"Ulimi umefika," anasema Muhanna mwenye duka,
nao wanacheka kwa heshima.

Hawajui.
Homa ya Septemba iliondoka na vyake:
iliki ikaenda, zafarani ikaenda,
hata chumvi, jirani wa kila chungu, haikuaga.
Miezi mitano anakula kwa kumbukumbu.
Nilimwambia: Bibi, waambie.
Akasema: kuna mwiko wa mbao na mwiko wa mdomo;
ule wa mbao waachie wapishi,
huu mwingine niachie mimi.

Sufuria za shaba, kuni za mgunga,
moshi usiojua wapi pa kwenda.
Ya kwanza ni ya kina Muhanna,
fistaki zimemwagwa juu kama kokoto za barabara mpya.
Kwenye ya pili mpishi kavaa glavu nyeupe, na kamera inamfuata.
Ya tatu anaikoroga Shofiul, mtu wa Noakhali,
taulo shingoni,
midomo inahesabu kitu kwa lugha yake,
mizunguko, au majina ya watoto, sijui.

Majaji wenziwe wanachota kwa vidole vitatu,
wanafumba macho, wanaandika.
Bibi hachoti kwanza.
Anainamisha sikio juu ya mvuke
kama mtu mlangoni pa chumba cha mgonjwa.
Halua changa, alinifundisha nikiwa na miaka saba,
hupiga kelele: pwaa, pwaa.
Iliyokomaa hunong'ona.
Iliyopitiliza hunyamaza, na hiyo haina dawa.
Kisha kidole gumba na cha shahada, anavuta:
uzi unakwenda, unakwenda,
unakatika bila kinyongo.
Anatia kinywani.
Na uso wake, wallahi, unatabasamu
mahali pale pale pa kila mwaka.

"Ya tatu."

Majaji wanatazamana, wanageuza karatasi zao.
Tatu. Tatu.
Muhanna anapiga makofi kwa ncha za vidole.
Shofiul bado anakoroga, hakuna aliyemfasiria.
Kijana mmoja alipomgusa bega
aligeuka kutazama nyuma yake,
akidhani anaitwa mwingine.
Kombe lilikwenda kwa mwenye leseni.

Tunarudi kwa gari la mjomba Zahir,
ambaye Kiswahili kilimpita pembeni akiwa mtoto.
Bibi anangoja redio ipande,
ananiinamia, kwa lugha yetu ya jikoni,
ile aliyotoka nayo Mkoani ikiwa haina forodha:
"Haya, niambie. Ilikuwaje?"

Mwonja asali haonji mara moja, wamesema.
Hawakusema umwambie nini
aliyeonja mara elfu, na leo hata moja.

Nikalamba kidole, bado kina samli.
Marashi yametangulia, Bibi,
kama mgeni anayepiga hodi tangu barabarani.
Kisha samli yenyewe. Iliki imekaa nyuma kabisa,
karibu na koo.
"Na moshi?"
Kidogo.
"Kidogo kiasi gani?"
Kiasi cha nguo iliyoanikwa
siku jirani anapopika.

Akafumba macho. Akameza.
"Sukari imezidi," akasema.

Na kweli, ilikuwa imezidi.