Kati ya Ghorofa

Zauri hutengeneza lifti za Tbilisi,
zile kuukuu, zinazomeza sarafu ndipo zipande.
Mfukoni ana bisibisi, tochi,
na risiti zenye grisi; nyuma yake, beti.

Mkewe aliwahi kumuuliza: zinalipa nini hizo?
Akacheka, akaendelea kumenya kiazi.

Ila juzi, kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
bibi Tsiuri alikwama gizani na mkate wake wa moto.
Hakupiga kelele.
Alibisha kwa kidole kimoja, taratibu,
hodi ya mtu aliye ndani.

Usiku Zauri akageuza risiti:

Nami nabisha vivyo hivyo.
Si lazima nifunguliwe.
Ila anayepita ngazini
ajue lifti si tupu.