Deni la Nane

Nilimuuliza mara tatu kama amekula.
Mara ya kwanza: hapana.
Mara ya pili: hapana, Muganga, naapa.
Ya tatu niliulizia chai tu, kama mtu asiye na haraka,
akasema chai ya maziwa si chakula.
Tukaahirisha hadi mchana uzeeke.
Daktari Mugaruka alinuna, akaenda kusimama dirishani,
akitazama mabati ya Kadutu
yanavyokanyagana mabegani kupanda kilima.

Saa ilipofika nikamwambia ahesabu,
kumi kurudi moja.
"Kurudi nyuma sijui," alisema Mama Nsimire.
"Nauza sambaza pale Nyawera. Hesabu yangu hupanda.
Ikishuka, nimeibiwa."
Basi hesabu unachokijua.

Akafumba macho, akaanza kuwaita wadeni wake.
Mke wa mwalimu Cirhuza, faranga elfu mbili.
Fundi Bisimwa, elfu tatu na mia tano, tangu Pasaka.
Nabintu wa juu. Nabintu wa chini.
Masista... hapana, wale walilipa.
Yule askari, jina silijui, ana kovu hapa
(mkono ulijaribu kuonyesha, ukakataa njiani).
Wa sita na wa saba walipita kwa mnong'ono.
"Na shemeji yangu," alisema,
na ulimi ukalala kabla ya bei.

Tangu hapo pumzi yake ilikuwa mkononi mwangu.
Sisemi kwa fumbo.
Umeme ulikatika Mugaruka akiwa ndani hadi vifundo vya mikono.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza;
mazutu, nadhani, yaliondoka jana na pikipiki ya mtu.
Wenzangu wote waligeukia giza kana kwamba limeita.
Mimi nilikwisha kushika mfuko.

Binya. Achia.
Binya.
Achia.

Simu ya Faida ilimulika tumbo, na ilipaswa kumulika huko.
Mimi nilibaki na kidole shingoni,
sikio kifuani,
na kucha zake nilizozikisia rangi gizani.
Dakika arobaini. Mkono wa kulia ulipokufa
nikaazima wa kushoto.
Watu hudhani mtu wa usingizi huomba saa kama hiyo.
Labda wengine. Mimi nilimwaza shemeji.
Sahani ngapi mtu anaweza kula kwa mkopo
kabla aibu haijamkaba kooni?
Nikamwambia Nsimire, bila sauti:
huwezi kuondoka na daftari wazi, Mama,
nani atadai?

Alipoamka alilia kidogo, bila sababu, kama wengi.
Nilimwita jina. Midomo ikatafuta mate.
"Elfu kumi na moja," alisema.
"Na alinidanganya ni kwa ajili ya msiba.
Msiba gani?"
Nilicheka hadi Faida akaja kunitazama mimi
badala ya mgonjwa.

Daktari Mugaruka aliletewa jogoo.
Nilimsikia akiwika koridoni siku mbili,
kisha sikumsikia.
Sina kinyongo. Mshono wake unaonekana,
mtoto anaweza kuugusa na kuuliza.
Wangu mimi, ukienda vizuri,
ni shimo tu katika mchana wa mtu.

Mwezi wa saba nilipita Nyawera.
Bila barakoa mimi ni mteja kama mteja mwingine.
Alinipimia sahani, akaongeza samaki wanne,
akamrudisha mmoja.
Nyuma yangu sauti ya mwanamume mwenye viatu vizuri ilisema,
"Shemeji, nipimie na mimi, nitaleta kesho."
Nikainama haraka juu ya sambaza,
nikiwakagua macho mmoja mmoja
kana kwamba nimeanza leo kununua samaki.
Siri ya kitandani haipandi sokoni.

Nikalipa taslimu.
"Hesabu chenji yako," aliniambia,
na sauti ilikuwa nzima.
Nikahesabu, kupanda.