Kiraka cha Katikati

Leo bora inavuma, ule upepo wa Trieste
usiojua kubisha hodi. Wazee wenzangu
wamejificha nyuma ya vikombe vya kahawa.
Mimi nashuka mjini, kamera chini ya koti,
kama mwizi wa kuku.

Miaka kumi na mitano tuko pamoja.
Imebanduka rangi pembeni, shaba inachungulia.
Betri yake haifiki mwisho wa harusi,
na ukipiga picha moja, taa nyekundu
inapepesa, inapepesa, inatafuna,
hadi bibi arusi ameshakula keki, ameshavua viatu.
Gizani picha zajaa chenga.
Hayo nimeyazoea.

Kilichonitoa nyumbani ni kiraka,
kile kidirisha cheupe katikati ya kioo.
Ndani yake kila kitu huwa viwili:
milingoti miwili, pua mbili, Ondina wawili.
Unazungusha lenzi, taratibu,
kivuli kinamfuata mwenyewe
hadi wanakuwa mmoja. Hapo ndipo unabonyeza.
Tangu Noeli hawakutani.
Ondina anasimama kando ya Ondina,
unywele mmoja tu kati yao,
kama wake wenza walionuniana.

Ermes wa dukani akanitandikia mpya
juu ya kitambaa cheusi.
Nyepesi. Kimya. Usiku inaona kama paka.
"Ongeza euro elfu nne na mia mbili, uniachie hiyo."
Kipya kinyemi, moyo ukaninong'oneza,
ukanyamaza kabla ya kufika kwenye kidonda.

Elfu nne ni madirisha ya jikoni.
Ni meno ya Ondina, ya juu yote.

Nikachungulia hata hivyo.
Kiraka kisafi kama sahani ya ugeni.
Mnara wa saa ng'ambo ya barabara: minara miwili.
Nikazungusha. Nikazungusha tena.
Ikakataa kusalimiana.

Ermes akachukua ile kongwe, akaulenga mnara huohuo.
Tak.
Tukaisubiri taa. Akanionyesha:
kila tarakimu, kila tone la kinyesi cha njiwa.
"Bwana Stelio," akasema,
akiwa ameshusha sauti kama aliye msibani,
"kamera ni nzima."

Mtoto wa jicho, alisema daktari Alhamisi.
Mimi na Ondina hatukujaliwa.
Miaka arobaini chumba cha pili tumekiita cha wageni,
na wageni wenyewe ni pasi na baiskeli.
Sasa huyu kaja uzeeni, bila kuitwa,
kaketi pale pale ninapotazamia,
na wanataka kumtoa mwezi wa tano.

Sijaamua. Bei nimeiandika
nyuma ya risiti ya kahawa, na sijaitupa.

Jioni nikampa Ondina kamera.
Hajawahi kuishika ila kuifuta vumbi.
"Nizungushe wapi?"
"Hadi tuwe mmoja."
Akafumba jicho lisilo lake la kufumba,
akatoa ulimi, akanifokea nisitikisike.
Tak.

Taa nyekundu inapepesa mezani.
Tunaiangalia.
Hatuna harusi ya kuwahi.